Kuingia, Kukubali na Kufaa: Istilahi za Kiswahili za Vipuri vya Magari ya Kampuni Mama Moja katika Makazi ya Nakivale na Jiji la Mbarara

Ikisiri

Magari mengi yanayotumika kusini-magharibi mwa Uganda hutoka katika makundi machache ya kampuni ambazo huuza bidhaa zao kwa chapa na modeli nyingi. Injini moja huweza kukutwa katika modeli kadhaa, na kipuri kimoja huweza kuuzwa katika makasha yenye nembo tofauti. Makala haya yanaeleza namna ushirikiano huo wa vipuri unavyofanya kazi na namna Kiswahili kinavyoutaja katika karakana za makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, mahali ambapo Kiswahili cha mashariki mwa Kongo hukutana na Kiswahili cha Uganda, Kenya na Tanzania. Hoja kuu ni kwamba vitenzi vitatu vilivyokwisha kuzoeleka katika ufundi, yaani *kuingia*, *kukubali* na *kufaa*, vinaweza kubeba tofauti ambayo istilahi rasmi bado hazijaibeba. Makala yanapendekeza vitenzi hivyo virasimishwe, na faharasa ya vipuri ya kikanda ifungamanishwe na namba za vipuri. Jambo hili linagusa usalama barabarani, kipato cha fundi mkimbizi na haki ya mnunuzi.

1.0 Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kusini mwa jiji la Mbarara. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wakazi wake wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kutembea na kufanya kazi. Kwa hiyo fundi aliyejifunza kazi Bukavu au Uvira anaweza kufungua karakana yake Nakivale, au kutafuta kibarua Mbarara, mji ulio katika barabara kuu inayounganisha Kampala na mipaka ya Rwanda na Kongo.

Katika mazingira hayo Kiswahili ni lugha ya kazi. Fundi Mkongomani, dereva Mrundi na muuza vipuri anayezungumza Kinyankole nyumbani hukutania katika Kiswahili. Hata hivyo, kila mmoja huja na Kiswahili chake. Kile cha mashariki mwa Kongo na Burundi kimechota msamiati wa magari kutoka Kifaransa. Kile cha Uganda, Kenya na Tanzania kimechota kutoka Kiingereza. Tofauti hiyo ingekuwa ndogo kama bidhaa yenyewe ingekuwa sahili. Lakini gari la kisasa si bidhaa sahili: jina lililoandikwa mgongoni mwake mara nyingi halielezi injini iliyomo, wala halielezi ni kipuri cha gari gani jingine kinaweza kutumika humo.

Suala hili limepata uzito mpya kisera. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiridhia kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya, na mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yanahitaji istilahi za kazi halisi, na ufundi wa magari ni mahali pazuri pa kuzipima, kwa kuwa neno lisilo sahihi hugundulika haraka: gari halisimami au haliwaki.

2.0 Kampuni mama, kampuni tanzu, chapa na modeli

Istilahi nne zinahitaji kutenganishwa kabla ya kuzungumzia vipuri. *Kampuni mama* ni ile inayomiliki hisa za kutosha kuiamuru kampuni nyingine. *Kampuni tanzu* ni ile inayomilikiwa, lakini yenye viwanda, wahandisi na hesabu zake. *Chapa* ni jina ambalo bidhaa huuzwa kwalo. *Modeli* ni aina mahususi ya gari ndani ya chapa. *Nembo* ni alama tu inayobandikwa. Haifai kutumiwa kwa maana ya chapa.

Kundi la Toyota linaonyesha tofauti hizo vizuri, na ndilo linalofahamika zaidi katika barabara za Ankole. Lexus, iliyoanzishwa mwaka 1989, ni chapa ya Toyota. Daihatsu ni chapa na pia ni kampuni tanzu: Toyota ilipata hisa nyingi zaidi mwaka 1998, na mwaka 2016 ikaimiliki yote. Hino, inayotengeneza malori na mabasi, ilikuwa kampuni tanzu ya Toyota mwaka 2001. Subaru si kampuni tanzu ya Toyota. Toyota ina sehemu tu ya hisa zake. Premio, Wish, Noah na Probox ni modeli, ingawa katika mazungumzo ya kila siku hutajwa kana kwamba ni chapa zinazojitegemea.

Kiswahili kimeyavika mahusiano haya sitiari ya ukoo: mama, tanzu, ndugu, pacha. Sitiari hiyo inasaidia kukumbuka, lakini inaweza kupotosha kwa namna mbili. Kwanza, kuwa na mama mmoja hakumaanishi kushiriki vipuri. Lori la Hino na gari dogo la Vitz ni wa ukoo mmoja, lakini pistoni ya moja haina nafasi katika jingine. Pili, kutokuwa na mama mmoja hakumaanishi kutoshiriki. Injini ndogo ya lita 1.0 inayoitwa 1KR-FE, iliyobuniwa na Daihatsu, imo ndani ya Toyota Passo na Toyota Vitz. Imo pia ndani ya Peugeot 107 na Citroën C1, kwa sababu Toyota na kampuni ya Kifaransa iliyomiliki chapa hizo mbili zilijenga kiwanda cha ubia mjini Kolín, Jamhuri ya Cheki. Hapo uhusiano ni wa ubia, si wa uzazi. Renault na Nissan nazo ziliungana kwa ubia mwaka 1999 bila moja kuwa tanzu kamili ya nyingine.

Kwa hiyo istilahi zinapaswa kutaja mambo mawili mbalimbali: nani anamiliki nani, na kipi kinatumika wapi. La kwanza ni la sheria na biashara. La pili ni la uhandisi, na ndilo linalomhusu fundi.

3.0 Kwa nini injini moja hukutwa katika magari mengi

Kubuni injini mpya ni kazi ya miaka na gharama kubwa. Kiwanda kinachobuni injini moja na kuifunga katika modeli kumi hugawa gharama hiyo mara kumi. Ndivyo ilivyo kwa giaboksi, breki, pampu na hata sakafu ya gari. Kundi la Volkswagen lilipoanza kutumia msingi wa pamoja uitwao MQB mwaka 2012, magari ya Volkswagen, Audi, Škoda na SEAT yaliweza kujengwa juu ya muundo mmoja huku mnunuzi akiona magari tofauti.

Ndani ya Toyota kulikuwa na sababu nyingine ambayo haielezwi mara nyingi kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki. Nchini Japani, Toyota iliuza magari kupitia mitandao kadhaa ya maduka, na kila mtandao ulitaka modeli yake. Gari lilelile likapewa majina mawili: Premio kwa mtandao mmoja na Allion kwa mwingine, Noah kwa mmoja na Voxy kwa mwingine. Mwaka 2020 mitandao hiyo iliunganishwa, lakini magari pacha yalikuwa yamekwisha kuzalishwa kwa miaka mingi na kusafirishwa yakiwa yametumika. Mnunuzi wa Mbarara anayelipa zaidi kwa Premio kuliko Allion ya mwaka uleule na injini ileile hulipia taa, mapambo na jina. Zaidi ya hapo ni mwili mmoja.

Magari ya Daihatsu pia yalipewa nembo ya Toyota. Daihatsu Terios ya kwanza iliuzwa Japani kama Toyota Cami, na Daihatsu Boon ni Toyota Passo. Mwenye Cami anayetafuta kipuri cha injini katika duka la "Toyota" anaweza kuambiwa hakipo, ilhali kipo katika kasha lenye jina la Daihatsu.

Jambo linalomwongoza fundi kati ya majina hayo yote ni jina la injini, ambalo lina sarufi yake. Katika 1NZ-FE, herufi NZ hutaja ukoo wa injini, na tarakimu 1 hutaja nafasi yake katika ukoo huo. Baada ya kistari, F huonyesha mpangilio wa valvu na kamshafti mbili, na E huonyesha kwamba petroli hudungwa kwa mfumo wa kielektroniki. Katika 1KD-FTV, T ni tabo na V ni mfumo wa dizeli wa mrija mmoja wenye shinikizo kubwa. Injini ya 1NZ-FE yenye lita 1.5 imo ndani ya Vitz, Probox, Succeed, Ist, Fielder, Raum na baadhi ya Premio na Allion. Injini ya 1KD-FTV imo ndani ya Hilux, Hiace na Prado. Mtu anayejua kusoma majina haya anajua, kabla ya kufungua boneti, ni magari yapi mengine yaliyoegeshwa uani yanaweza kumpa kipuri.

4.0 Vitenzi vitatu vya karakana

Fundi akijaribu kipuri kilichotoka katika gari jingine hutoa hukumu kwa kitenzi. Akisema *kimeingia*, anamaanisha kwamba matundu ya bolti yamelingana na kipuri kimekaa mahali pake. Akisema *kimekubali*, anamaanisha kwamba gari limewaka au breki imeshika. Kinyume chake ni *kimekataa*. Kitenzi cha tatu, *kufaa*, hutumika mara chache zaidi, na mara nyingi huchanganywa na viwili vya kwanza. Makala haya yanapendekeza vitenganishwe hivi:

*Kuingia* ni kulingana kwa umbo na vipimo. *Kukubali* ni kufanya kazi wakati wa jaribio. *Kufaa* ni kuwa kimebuniwa na kuidhinishwa na mtengenezaji kwa ajili ya gari hilo, kwa mzigo na mwendo wake, kwa muda wake wote wa kutumika.

Ngazi hizi hazifuatani kwa lazima. Kipuri kinaweza kuingia kisikubali, na kinaweza kuingia na kukubali bila kufaa. Mfano wa wazi uko katika injini za ukoo wa AZ. Noah ya mwaka 2001 hadi 2007, yenye fremu ya AZR60, hutumia 1AZ-FSE. Magari mengine ya Toyota hutumia 1AZ-FE. Herufi moja tu, S, ndiyo inayoyatenga majina hayo, nayo humaanisha kwamba petroli hudungwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Sehemu kadhaa za injini hizo mbili ni za pamoja. Lakini pampu ya petroli ya shinikizo kubwa na nozeli si za pamoja, na fundi anayeamini kwamba "zote ni AZ" humgharimu mteja wake fedha na siku kadhaa za kazi. Vivyo hivyo, 1NZ-FXE ya gari la mseto wa petroli na umeme ina jina linalokaribia kabisa 1NZ-FE, lakini imepangwa kufanya kazi kwa namna nyingine.

Mfano wa pili unatokana na jiografia ya Nakivale. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia. Modeli moja, ya mwaka mmoja na injini moja, hutengenezwa ikiwa na usukani kushoto au kulia. Injini itaingia, itakubali na itafaa. Reki ya usukani haitafaa, kwa sababu imeundwa kwa upande mwingine. Hapa si chapa wala kampuni mama inayoamua, bali ni soko ambalo gari lilikusudiwa.

Hatari kubwa iko katika breki. Brekipedi inayoingia katika kalipa na kushika vizuri katika jaribio la mita hamsini imekubali. Haijathibitishwa kuwa inafaa kwa gari lililopakia abiria na mizigo likishuka mlima likiwa na breki zilizopata moto. Lugha inayosema tu "imekubali" huifunga hukumu mapema mno. Lugha inayomlazimu fundi kuongeza "lakini haijulikani kama inafaa" humwachia mteja nafasi ya kuamua akiwa na taarifa.

Pikipiki za bodaboda, ambazo ndizo usafiri wa watu wengi kati ya maeneo ya Nakivale, hutoa onyo la upande wa pili. Bajaj na TVS ni kampuni mbili tofauti za Kihindi zinazoshindana. Pikipiki zao za kazi hufanana kwa umbo na ukubwa wa injini. Kufanana huko hakutokani na mama mmoja, na hakutoi ruhusa ya kubadilishana vipuri.

5.0 Kipuri kimoja, Kiswahili zaidi ya kimoja

Jedwali lifuatalo linaonyesha baadhi ya majina yanayokutana katika karakana moja. Tahajia ya safu ya tatu inafuata matamshi, kwa kuwa maneno hayo huandikwa kwa nadra na hutofautiana kutoka mji hadi mji.

| Istilahi | Uganda, Kenya, Tanzania | Mashariki mwa Kongo |
|---|---|---|
| kipuri | spea | piyesi |
| injini | injini | motere |
| plagi | plagi | buji |
| beringi | beringi | rulema |
| klachi | klachi | ambreyaji |
| brekipedi | brekipedi | plaketi |
| rejeta | rejeta | radiatere |

Majina haya yakitofautiana kabisa, hayaleti madhara makubwa. Anayesikia *rulema* kwa mara ya kwanza huuliza, huonyeshwa, na siku ya pili anajua. Madhara huletwa na maneno yanayosikika sawa na kumaanisha vitu tofauti, kwa sababu hayamfanyi mtu aulize.

Neno *petroli* ndilo mfano ulio bora. Kwa msemaji wa Mbarara, Mombasa au Dodoma, petroli ni mafuta mepesi ya injini ya plagi. Kwa msemaji wa mashariki mwa Kongo, mafuta hayo huitwa *esansi*. *Petroli*, kwa kufuata Kifaransa kinachotumika huko, ni mafuta ya taa. Dizeli kwake ni *mazutu*. Mtu mgeni akitumwa kununua "petroli" anaweza kurudi na mafuta ya taa bila kukosea hata kidogo katika Kiswahili chake. Mafuta ya taa ndani ya injini ya petroli huharibu uwakaji wake. Lakini kosa la upande wa pili ni baya zaidi: petroli ikimiminwa ndani ya taa au jiko la mafuta ya taa huweza kuteketeza nyumba.

Mfano wa pili ni *mota* na *motere*. Kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki, mota ni ya umeme: ya waipa, ya feni, ya kioo. Motere ya Kongo ni injini nzima. Mteja anayesema motere imekufa na muuza vipuri anayesikia mota wanaweza kukubaliana bei ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyekikusudia.

Kutokana na hali hii, si busara kuchagua safu moja ya jedwali na kuifuta nyingine. Kigezo cha PEGITOSCA, kilichopendekezwa na Kiingi na kinachofahamika katika uundaji wa istilahi za Kiswahili, hudai pamoja na mengine usahihi, iktisadi, uangavu na ukubalifu. Istilahi *injini* hushinda kwa usahihi katika ukanda mzima, lakini *motere* ina ukubalifu katika sehemu kubwa ya wasemaji wa Nakivale. Faharasa inayofaa itaiweka injini kama kidahizo, itaitambua motere kama kisawe cha kikanda, na itaonya waziwazi juu ya mota. Kwa petroli, onyo linapaswa kuwa sehemu ya kidahizo chenyewe.

6.0 Namba kama lugha ya pamoja

Watengenezaji walikwisha kukabiliana na tatizo la majina kwa njia yao: namba ya kipuri. Katika Toyota, namba hiyo kwa kawaida ina sehemu mbili za tarakimu tano au herufi tano. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya kipuri. Ya pili hutaja muundo mahususi. Namba inayoanza na 04465 ni ya brekipedi za mbele. Inayoanza na 04466 ni ya brekipedi za nyuma. Inayoanza na 90915 ni ya chujio la oili. Fundi anayesema plaketi na muuza vipuri anayesema brekipedi wanasoma 04465 kwa namna moja.

Namba hii ndiyo kipimo cha kweli cha kushiriki. Magari mawili yakiwa na namba moja ya kipuri, kipuri hicho ni cha pamoja, hata kama nembo zake zinatofautiana. Magari mawili yakiwa na kipuri kinachofanana lakini namba mbili, kuna tofauti ambayo mhandisi aliiona, hata kama jicho haliioni. Au namba ya zamani imerithiwa na mpya, jambo ambalo katalogi huonyesha.

Fremu nayo huzungumza. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hayana namba ya herufi na tarakimu 17 inayotumika kimataifa, bali namba fupi ya fremu. NZT240 ni Premio au Allion yenye injini ya ukoo wa NZ. ZZT240 ni yenye ZZ. AZT240 ni yenye AZ. Herufi ya kwanza hutosha kuonya kwamba magari mawili yaliyo sawa kwa nje hayana injini moja.

Hata hivyo, namba haziwezi kuchukua nafasi ya maneno. Kipuri kilichotumika mara nyingi huuzwa bila kasha, na namba yake imefutika. Kipuri bandia huweza kuandikwa namba sahihi. Zaidi ya hayo, maelezo kwa mteja hayatolewi kwa tarakimu. Kwa hiyo istilahi nne zinahitajika. *Kipuri cha pamoja* ni kile chenye namba moja katika modeli zaidi ya moja. *Kipuri mbadala* ni kile kilichotengenezwa na kampuni nyingine kwa vipimo vilevile na kuuzwa kwa jina lake halisi. *Kipuri mfanano* ni kile kinachoingia tu. *Kipuri bandia* ni kile kinachojitia jina lisilo lake. Ingewezekana kusema *kipuri shirika*, kwa maana ya kale ya mali ya ushirika. Lakini Nakivale neno shirika limekwisha kuchukuliwa na mashirika ya misaada, na gari la shirika ni gari lao. Istilahi inayoeleweka Dar es Salaam na kupotosha Nakivale haina faida.

Neno *orijino* linastahili kuepukwa katika maandishi rasmi. Katika biashara ya vipuri, kuanzia Kiseka mjini Kampala hadi Gerezani jijini Dar es Salaam, neno hilo huweza kumaanisha kipuri kipya cha mtengenezaji, au kipuri kilichotumika kilichong'olewa katika gari la Japani, au sifa tu ya muuzaji. *Kipuri halisi kipya* na *kipuri halisi kilichotumika* hueleza zaidi.

7.0 Kasoro ya pamoja na haki ya kujua

Kushiriki vipuri kuna faida kwa mwenye kipato kidogo. Gari lenye injini iliyoenea hupata vipuri kwa urahisi na mafundi wanaoijua. Ndiyo maana katika soko la magari yaliyotumika, mnunuzi huuliza injini kabla ya kuuliza rangi. Lakini kinachoshirikiwa katika faida hushirikiwa pia katika kasoro.

Mwaka 1977 nchini Marekani ilibainika kwamba baadhi ya magari ya Oldsmobile yalifungwa injini za Chevrolet. Chapa zote mbili zilikuwa za General Motors. Wanunuzi waliolipia jina la Oldsmobile walilalamika, mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois akafungua kesi, na kampuni ikalipa fidia. Suala halikuwa ubora wa injini, bali taarifa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba injini ya dizeli ya EA189 ya kundi la Volkswagen ilikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Kwa kuwa injini hiyo ilishirikiwa na Volkswagen, Audi, Škoda na SEAT, magari takriban milioni 11 yalihusika. Desemba 2023 Daihatsu ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote baada ya uchunguzi kuonyesha udanganyifu katika majaribio ya usalama yaliyohusu modeli 64, zikiwemo zilizouzwa kwa nembo za Toyota, Mazda na Subaru. Katika mkasa wa mifuko ya hewa ya Takata, kampuni mama haikuwa hata suala: msambazaji mmoja aliuzia watengenezaji wengi, na kasoro ikaenea kwa wote.

Gari lililouzwa Japani likafika Mombasa miaka kumi baadaye halifuatwi na barua ya mtengenezaji. Mwenye Passo wa Isingiro anayesikia habari za "Daihatsu" redioni hana sababu ya kudhani kwamba habari hizo zinamhusu. Uganda ilizuia mwaka 2018 kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kenya ina ukomo wa miaka minane. Sheria hizo hudhibiti kinachoingia. Magari yaliyokwisha kuingia yataendelea kutengenezwa kwa miaka mingi, na usalama wake utategemea vipuri na maneno yanayoviuza.

Ramani ya umiliki yenyewe inaendelea kubadilika. Juni 2025 Daimler Truck na Toyota zilitia saini mkataba wa kuziunganisha Mitsubishi Fuso na Hino chini ya kampuni mama moja. Malori ya chapa zote mbili hubeba ndizi na maziwa kutoka Ankole. Muungano huo haufanyi kipuri cha Fuso kilichopo leo kifae katika Hino. Ni muhimu kusema hivyo kabla wauzaji hawajasema vinginevyo.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na wataalamu wa Uganda, Kongo na Burundi, iandae faharasa ya vipuri vya magari na pikipiki. Kila kidahizo kiwe na istilahi, visawe vya kikanda, mchoro, na pale inapowezekana, namba ya aina ya kipuri inayotumiwa na watengenezaji wakubwa. Maneno yenye maana zinazogongana, hasa *petroli* na *mota*, yapewe alama ya onyo.

Pili, vitenzi *kuingia*, *kukubali* na *kufaa* vifundishwe kama istilahi katika mafunzo ya ufundi yatakayotolewa kwa Kiswahili. Mwanafunzi aulizwe kwa kila kipuri: kimeingia? kimekubali? kinafaa, na kwa ushahidi gani?

Tatu, tathmini ya ujuzi wa mafundi wasiosoma Kiingereza ipewe msingi wa faharasa hiyo. Fundi aliyefanya kazi miaka kumi Kivu hapaswi kuonekana hajui klachi kwa sababu anaiita ambreyaji. Cheti kinachopima ujuzi wake badala ya lafudhi yake ndicho kitakachomwezesha kuajiriwa nje ya makazi.

Nne, mamlaka za viwango na ulinzi wa mlaji zitoe matangazo ya kasoro kwa kutaja injini, fremu na miaka ya kutengenezwa, si chapa pekee, na zitumie Kiswahili pamoja na lugha za eneo husika.

Tano, risiti ya kipuri itaje aina yake: halisi kipya, halisi kilichotumika, mbadala au mfanano. Neno moja katika risiti humpa mteja msingi wa kudai haki yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kushiriki vipuri kati ya chapa hakufuati mstari wa umiliki peke yake. Kampuni mama moja inaweza kuwa na bidhaa zisizoshirikiana chochote, na kampuni zisizo na mama mmoja zinaweza kuwa na injini moja. Mnunuzi na fundi wanahitaji lugha inayotaja umiliki kwa istilahi zake na matumizi kwa istilahi zake. Kiswahili cha karakana kimekwisha kuzalisha sehemu kubwa ya lugha hiyo, na Nakivale, ambako Kiswahili chenye asili ya Kifaransa na chenye asili ya Kiingereza hufanya kazi chini ya boneti moja, ni mahali pa kuanzia kuikusanya. Kazi ya wanaisimu na washauri wa sera ni kuisikiliza, kuipanga na kuirudisha kwa mafundi ikiwa imeandikwa.